Kuhariri Picha za Safari kwa Kishikwambi Bila Kompyuta Mpakato

Siku hizi sibebi kompyuta mpakato safarini. Picha zangu za Lamu na Zanzibar zote hupita kwenye kishikwambi. Kazi inafanyika vizuri kabisa, mradi usalama wa faili utangulie uhariri, jambo ambalo wengi wanaoniomba ushauri hulisahau na kukimbilia kuulizia programu.

Kila jioni, kabla sijagusa picha hata moja, ninaunganisha kifaa cha kusomea kadi ya kamera, ninanakili picha za siku hiyo kwenye folda yenye tarehe na jina la mahali, kisha ninainakili folda hiyohiyo kwenye diski ndogo ya nje ya SSD, yaani isiyo na sehemu zinazozunguka ndani. iPad husoma diski za nje tangu iPadOS 13, iliyotoka mwaka 2019, na vishikwambi vingi vya Android vyenye tundu la USB-C huweza pia. Kwa kuwa tundu huwa ni moja na diski hula chaji, ni vyema kununua adapta yenye nafasi ya kadi, diski na chaja kwa pamoja. Usifute kadi mpaka umefungua picha kadhaa kutoka kwenye diski kwa ukubwa wake kamili, na ukiifuta, ifutie ndani ya kamera.

Hifadhi ya mtandaoni isikupe matumaini makubwa. Faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuichakata, ya kamera ya megapikseli 24 mara nyingi hufika MB 25 au zaidi, kwa hiyo GB 15 za bure za Google, ambazo barua pepe zako nazo huzitumia, hujaa kabla ya picha 600. Anayetumia Picha za iCloud, huduma ya Apple ya kuhifadhi picha mtandaoni, akumbuke pia kwamba picha aliyoifuta kwenye iPad hufutika kwenye vifaa vyake vyote vilivyounganishwa na akaunti hiyo, ingawa huweza kurejeshwa ndani ya siku 30.

Tukija kwenye uhariri wenyewe, chukua mfano wa mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe saa saba mchana: ukuta wa chokaa unawaka kwa jua, mbao ni nyeusi, na mzee ameketi barazani kivulini. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ninaanza kwa kushusha mwanga mkali hadi mikwaruzo ya chokaa ionekane, kisha ninachagua mlango peke yake na kuinua vivuli vyake kidogo, nakshi zijitokeze bila ukuta kuguswa. Snapseed, ambayo ni ya bure, hukuruhusu kugusa uso na kurekebisha mwangaza wa hapo tu. Hapo naomba uangalifu mkubwa, kwani kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mkupuo mara nyingi huichujua ngozi nyeusi ikawa ya kijivujivu, na huko ni kumkosea heshima aliyekubali kupigwa picha. Acha ngozi ibaki na weusi wake.

Kabla ya kuamua rangi, zima mpangilio unaoifanya skrini kuwa ya njano usiku na ule unaofuata taa za chumbani.

Picha za simu mara nyingi hubeba taarifa za mahali zilipopigwa. Unapotuma picha za watoto au za nyumba za watu kutoka kwenye iPad, fungua chaguo zilizo juu ya dirisha la kushiriki na uondoe mahali kwanza.