Kuchagua Vifaa vya Kukatia Bati katika Karakana ya Nyumbani

Anayeanza kazi ya bati nyumbani, awe Kisauni, Likoni au Changamwe hapa Mombasa, mara nyingi hununua grinda, ile mashine ya umeme ya kushika mkononi inayokata kwa diski inayozunguka, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo anayoiona na kuisikia kila apitapo kwa mafundi wa mageti. Ushauri wangu kwa mgeni wa kazi hii ni kwamba grinda ingoje, na kwamba kifaa cha kukatia kichaguliwe kwa kutazama ukingo kitakaouacha. Hapa pwani upepo wa bahari hubeba chumvi mwaka mzima, na kutu huanzia pale palipokatwa.

Bati jeupe la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hiyo huulinda hata ukingo mwembamba uliobaki wazi, kwa kuwa yenyewe huliwa na kutu kabla ya chuma, ila sharti iwe ingalipo karibu na mkato. Mkasi hukata bila joto na kuiacha zinki mahali pake. Diski ya grinda hukata kwa msuguano, huiunguza zinki pande zote mbili za mstari, na cheche zake hutua juu ya bati zingali za moto, zikagandamana na rangi, kisha zikageuka vidoa vya kutu. Ukiona paa la rangi lenye vidoa vya kahawia kando ya mikato, usimlaumu aliyeuza mabati. Isitoshe, moshi wa zinki iliyoungua ukivutwa kwa wingi humletea mtu homa na kutetemeka jioni yake.

Jambo la kujua kabla ya kwenda dukani ni unene. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi: geji 30 na 28 ndizo za paa, ilhali geji 18 ni takriban milimita 1.2. Mkasi wa bati wenye viungo viwili, ule unaozidisha nguvu ya mkono, hukata chuma laini hadi kufikia hiyo geji 18. Kwa stenlesi uwezo wake hushuka hadi karibu nusu ya unene huo, na anayelazimisha huharibu makali.

Mikasi hii huuzwa ikiwa na mishikio ya rangi tatu, na rangi si pambo. Njano ni ya kukata moja kwa moja, nyekundu hukata ukipinda kushoto, kijani kulia. Mwenye fedha za kununua miwili tu na achukue nyekundu na kijani, kwani yote miwili hukata mstari ulionyooka pia, ilhali ule wa njano hausaidii sana kwenye duara. Unapokata, lisukume bati hadi ndani kabisa ya kinywa cha mkasi, na usifumbe meno hadi nchani: kila unapofumba kabisa, ncha huacha kijino kidogo kilichochongoka ukingoni, na hicho ndicho kinachochana vidole vya anayeosha chombo baadaye.

Mistari mirefu sana usijisumbue nayo. Bati zima la futi 8 kwa 4 likikatwa kwa mkono hupindapinda, na maduka mengi ya vyuma yana mashine ya kukatia kwa mkupuo mmoja. Mlipe mwenye duka akukatie vipande vilivyonyooka, nawe ubaki na pembe na mapindo.

Kwa matundu ya katikati ya bati, toboa kwanza kwa drili, kisha uchague. Kipo kifaa kinachofungwa kwenye drili ambacho humega bati kidogo kidogo. Hakilipindi hata chembe na hufuata duara vizuri, nami nakipenda kuliko msumeno wa umeme. Ubaya wake ni vimegeo: ni vidogo kama ukucha, vina ncha mbili kali, na uani ambako watoto hupita peku lazima vifagiwe na kupitiwa na sumaku. Ukiwa na msumeno wa umeme tu, libane bati katikati ya vipande viwili vya plaiwudi ukate vyote pamoja kwa uembe wa meno madogo, la sivyo bati litatetema na kuchanika.

Patasi na nyundo juu ya kipande cha reli ni ujuzi wa mafundi wa seredani, na si wa kudharauliwa, hasa kwa pipa la chuma. Hapa nasisitiza: pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au thina lisiguswe na grinda, hata kama limekaa wazi miezi, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja. Mwanafunzi na aanze na pipa lililokuwa na vyakula.

Grinda ina nafasi yake kwa geji 16 na vyuma vya pembe. Tumia diski nyembamba ya milimita 1, na hakikisha kasi iliyoandikwa juu yake si chini ya kasi ya mashine, ambayo kwa grinda ndogo huwa karibu mizunguko 11,000 kwa dakika. Tazama pia tarehe iliyochapwa kwenye pete ya katikati, kwa sababu gundi inayoshika diski huchakaa, na unyevu wetu huiharakisha. Diski zihifadhiwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Kinga ya mashine isivuliwe, miwani ivaliwe, na kama jirani ana banda la makuti, geuza kazi ili cheche ziruke upande mwingine.

Baada ya mkato wowote, pitisha tupa laini ukingoni, kisha ukunje pindo la milimita 6 hivi au upake rangi yenye zinki siku hiyo hiyo. Mikasi ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila jioni, hasa kwenye msumari wa kiungo, ambapo chumvi hujificha na kuufanya mkasi mpya kuwa mgumu kabla ya mwezi kwisha.