Mwalimu, Kukauka Sauti Si Sehemu ya Kazi

Sauti yangu ilikata katikati ya kipindi cha nne. Niligeuka kutoka ubaoni niwaambie wanafunzi wafungue madaftari, ikatoka pumzi tupu. Muhula mzima kabla ya siku hiyo, kila Ijumaa nilikuwa nakwaruza, na Jumatatu sauti inarudi. Wenzangu wa ofisini waliniambia ndiyo ualimu, utazoea. Nikawaamini, na kuamini huko ndiko kulikoniponza.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani hadi kwenye zoloto, sehemu ya koo inayotoa sauti. Nikaziona nyuzi zangu za sauti kwenye skrini, na katika kila uzi kinundu kidogo, viwili vinatazamana. Akaniambia ni kama sugu kwenye kiganja cha mtu anayeshika jembe kila siku. Nyuzi za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde anapozungumza; za mwanamume ni zaidi ya mara 100. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: saa moja ya kusema bila kunyamaza, mara 720,000. Na mwalimu akipaza sauti, zinagongana kwa nguvu zaidi.

Kosa langu la kwanza baada ya hapo lilikuwa kunong'ona. Nilidhani napumzisha koo, kumbe kunong'ona kwa nguvu ili darasa lisikie kunalikaza koo lote. Kama ni lazima useme, sema kwa sauti yako ya kawaida, ndogo, tena maneno machache. Kama si lazima, nyamaza kabisa.

La pili ni kujikohoza. Unahisi kitu kimekwama kooni, unajikohoza, kinaondoka, kinarudi. Kila unapojikohoza unazigonganisha nyuzi hizo hizo zilizovimba, zinatoa ute zaidi, nawe unajikohoza tena. Mimi sikujua kwamba nina tabia hiyo hadi mtaalamu wa tiba ya sauti aliponihesabia tukiwa tunazungumza. Meza mate, au piga funda la maji. Siku za mwanzo inakera sana, lakini inazoeleka.

Nikitaja maji, niseme jambo ambalo wengi wetu tunalielewa vibaya. Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti; yakipita huko utapaliwa. Yanazifikia kupitia damu, polepole. Kwa hiyo chupa unayoikumbuka baada ya koo kukauka imechelewa. Anza asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza. Kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni hewa, ndiyo maana kuvuta mvuke kunaleta nafuu.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Hili ndilo linalotumaliza walimu. Huwezi kujiambia “leo sitapaza” halafu ukafundisha juu ya kelele za watoto hamsini. Sauti itapanda yenyewe. Dawa ni kutoanza kusema kabla hawajatulia. Mimi nina mahali pangu pa kusimama, nanyoosha mkono juu, nasubiri. Wiki ya kwanza nilisubiri hadi nikataka kulia. Sasa hawachukui hata nusu dakika. Mwanafunzi wa nyuma akiuliza swali, namfuata alipo badala ya kumjibu kwa kupaza sauti. Uwanjani natumia filimbi.

Baadaye nilinunua kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni. Niliona aibu kukivaa, nikihofia nitaonekana mwalimu asiyeweza darasa. Waliofurahi zaidi ni wale wa safu ya mwisho, na nikajua kwamba miaka yote hiyo walikuwa hawanisikii vizuri.

Asubuhi, natoa sauti ya “uuu” kupitia mrija mwembamba, ikipanda na kushuka, dakika tatu hivi. Zoezi hili huzifanya nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu.

Wakuu wa shule nao nawaomba waangalie ratiba. Vipindi vitano mfululizo ni vingi mno kwa koo moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha walimu na watu wasio walimu: asilimia 57.7 ya walimu walikuwa wamewahi kupata tatizo la sauti maishani, dhidi ya asilimia 28.8 ya wale wengine. Mwalimu anapoomba vipindi vyake vitenganishwe, asidhaniwe mvivu.

Vinundu vyangu vilisinyaa kwa tiba ya sauti peke yake, bila upasuaji, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi wanaowahi. Kwa hiyo sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, usiendelee kungoja likizo, nenda ukapimwe koo. Na kama unakohoa damu, unameza kwa shida, unapumua kwa tabu, au umeona uvimbe shingoni, usingoje hata hizo wiki tatu.