Unataka kujua kuchora? Anza na paka wa mtaani kwako

Vijana wanaotaka kuchora viumbe hai wakiniuliza waanzie wapi, jibu langu ni paka. Mji Mkongwe hapa Unguja umejaa paka, wamezoea watu, wala hawakimbii ukiwakodolea macho.

Mchana jua linapokaza, walioshiba hulala barazani. Hao ndio wa kuanza nao. Ukishazoea, nenda asubuhi Malindi au Darajani samaki wanapoparwa. Hapo hakuna anayetulia: huyu kanyoosha shingo, yule kajikunyata anangojea utumbo udondoke. Rangi ziache nyumbani, chukua penseli na karatasi. Paka akigeuka, uache mchoro nusu, anza mwingine pembeni. Paka hurudia mikao yake, kwa hiyo ule wa kwanza utaumalizia baadaye.

Tangulia na mgongo. Vuta mstari mmoja kutoka kisogoni mpaka ncha ya mkia, kabla ya macho, kabla ya masharubu. Mstari huo ukikaa sawa, hata mtoto atajua kama paka amelala, ameogopa au anavizia.

Halafu tazama mabega. Mtulinga wa paka, yaani mfupa wa mbele ya bega, ni kifupa kidogo kisichoshikana na mifupa mingine, na makombe ya mabega yanashikiliwa na misuli. Ndiyo maana akinyatia, makombe huchomoza juu, moja baada ya jingine. Usipolionyesha hilo, paka wako atakuwa kama mto uliojazwa sufi. Mguu wa nyuma nao huwasumbua wengi. Ile sehemu inayoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kisigino, kwa sababu paka hukanyaga kwa vidole. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Kiitalia wa zamani, alijaza ukurasa mzima paka wanaolala, wanaojilamba, wanaopigana, na katikati yao akachora joka dogo. Ukurasa huo umehifadhiwa Windsor, Uingereza. Mimi naupenda kwa ajili ya lile joka: mkono ulioijua mikunjo ya mgongo wa paka uliweza kuzua mnyama asiyekuwepo, na bado unamwona kama anapumua.

Ukifika kwenye rangi, weusi mtupu usiutegemee. Paka mweusi akipigwa na jua letu, mgongo wake huonyesha kahawia. Changanya buluu na kahawia, utamkaribia. Paka mweupe aliyelala chini ya ukuta wa chokaa, tumbo lake hupokea mwanga unaorudi kutoka ukutani, kwa hiyo kivuli chake si kijivu. Penye jua la alasiri huwa na umanjano. Kaa hapo muda mrefu, uangalie kabla ya kugusa brashi.

Na nyinyi wa Wete na Chake Chake, kule Pemba, msingoje kupanda boti. Kaeni uani wakati mama anapara samaki, penseli mkononi.