Maswali Yenu: Mtengeneza Mapambo ya Maharusi Awajibu

Mwezi huu maswali yenu tumempelekea dada wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeunda taji, vichana, vidani na makoja ya maharusi. Majibu tumeyaacha vile alivyotutumia kwa simu.

Asalaam aleikum dada. Kazi zako nimeziona kwa harusi za watu, nzuri mashallah. Lakini hizo dizaini wazitoa wapi, au ni za kwenye simu waiga tu? — Msomaji, Tudor

Waleikum salaam. Kwa simu naangalia kama kila mtu, siwezi kukana, lakini ukiiga picha ya harusi ya Dubai utatoa taji la Dubai na wanaojua watakusema hapo hapo ukumbini. Mimi mawazo yangu yanaanzia kwa kupamba, ule usiku wa wanawake wa kumtoa bibi harusi. Tumekua tukikaa chini mbele ya jukwaa, bibi harusi katolewa, hina na piko mpaka kwenye miundi, udi unafuka, dhahabu kibao shingoni, na bado kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakienda ni asumini. Makoja, vikuba, mashada ya nywele, na ndani umetiwa mrehani na mkadi. Shida ya asumini ni moja tu, huchumwa jioni ingali tumba, usiku yachanua, asubuhi imeshakuwa ya manjano. Bas hapo ndo kazi yangu ilipo. Natengeneza asumini ya lulu na waya wa shaba. Tumba ni zile lulu ndefu nyembamba, napitisha waya, nauzungusha mara mbili, halafu ncha naikunja kwa ndani, maana ncha ikibaki nje itakamata lesi ya shela na siku hiyo nani ana muda wa kuchomoa nyuzi?

Kingine ni milango. Ukipita Ndia Kuu acha simu kidogo uinue macho, tazama ile nakshi ya maua na majani yanayopanda ubavuni mwa mlango. Mikufu yangu mingi imetoka hapo.

Halafu fedha. Nyanya zetu walivaa fedha, majasi masikioni, kekee mikononi, mafurungu miguuni. Na fedha yenyewe nyingine ilitokana na riale za Maria Theresa, ile sarafu ya Austria yenye mwaka 1780, malkia mwenyewe alikufa mwaka huo lakini wakaendelea kuipiga na tarehe ile ile miaka na miaka, ikazunguka Arabuni ikafika pwani yetu na masonara wakaiyeyusha wakafanya bangili. Kwa hivyo mtu akiniambia fedha haina hadhi ya harusi mimi humcheka tu.

Binti yangu akivaa hereni za seti za harusi masikio yanamuwasha yanatoa maji. Nikahi iko karibu. — Mama, Likoni

Pole mama. Mara nyingi hiyo ni nikeli, aina ya chuma cheupe, huwekwa sana kwenye vitu vya bei rahisi vinavyong'aa. Usiitupe seti, nipe nibadilishe ile sehemu inayoingia sikioni tu niweke ya fedha yenye alama 925, au dhahabu ya kareti 22 kama unayo kipuli cha zamani kimekatika. Na saa hizi asivae kitu mpaka masikio yapone, yasipopona mpeleke hospitali, usimpake mafuta ya jirani.

Mimi nataka gauni jeupe na taji. Mamangu ashikilia asumini na leso ya kisutu. Tushagombana mara ngapi! — Bibi harusi mtarajiwa, Kisauni

Hehe. Kwani harusi yetu ina usiku mmoja? Kupamba mpe mamako, siku ya gauni chukua wewe. Halafu mwambieni yeyote anayeona maua ni ushamba kwamba hilo gauni jeupe lilipata umaarufu kwa Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, na kichwani siku hiyo hakuvaa taji, alivaa shada la maua ya mchungwa. Kwa hiyo mamako yuko na malkia, wewe ndo uko peke yako 😂

Jambo la maana zaidi ambalo hukuniuliza: je, utafunga mtandio chini ya shela? Ukifunga, usinunue taji la meno ya kichana, halina nywele za kushika litateleza mpaka kwenye paji. Taka la bendi, au lishonewe kabisa kwa mtandio. Na lijaribu nyumbani, likae kichwani wakati wa kupika chakula kizima, likikuuma shingo huko jikoni ukumbini utalia na mekapu ya watu.

Bwana harusi je, hamumtengenezei kitu? — Kijana, Majengo

Joho, kilemba na upanga vyamtosha.

Mimi pia nataka kuanza kazi hii. Nianze na nini, na wewe mwenyewe wataka kufika wapi? — Msichana, Bamburi

Anza na koleo ndogo mbili, waya mwembamba na mnene, na lulu za plastiki, ukiharibu huumii. Lesi na vitambaa Mtaa wa Biashara. Oda usishike bila nusu ya pesa mkononi, hata kama ni shoga yako, haswa kama ni shoga yako.

Mimi nataka kukaa na masonara wazee nijue kuchomelea fedha sawasawa, maana waya nimeuzoea lakini waya una mwisho wake. Nataka nitoe koja la fedha la asumini ambalo baada ya harusi lafunguka likawa mkufu na bangili mbili, livaliwe Idi, livaliwe harusi ya dada mtu, si vile taji la laki hukaa kabatini mpaka mawe yabanduke kwa hii hewa yetu ya chumvi. Na siku moja bibi harusi wa Maskati aagize kwangu, kwa sababu sisi tushaagiza kwao vya kutosha.

Ukitaka kuona kazi njoo alasiri. Ila koleo beba zako, zangu siazimi.