Jibu: Springi za kushusha Toyota GT86, Pro-Kit au Sportline?
Mkuu, umeuliza uchukue springi za kampuni ya Eibach aina ya Pro-Kit au Sportline, shokapu zibaki zilezile za kiwandani. Kwa matuta yetu, chukua Pro-Kit. Sportline inashusha zaidi, na gari likishuka sana shokapu inakosa nafasi ya kucheza. Ukiingia shimoni gari linalalia ule mpira wa mwisho unaozuia shokapu isigonge, unasikia "du!" mpaka kwenye uti wa mgongo.

Kabla ya yote papasa shokapu. Ukikuta mafuta yametambaa mwilini mwake, usifunge springi mpya juu yake. Mimi nilikaidi, nikamlipa fundi mara mbili.

Mwambie fundi akaze boliti za bushi (zile raba za kwenye maungio) gari likiwa limekanyaga chini, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo bushi zinabaki zimejipinda na hazidumu. Endesha kama wiki springi zikae, ndipo upeleke alaimenti, kupimwa na kunyooshwa mkao wa magurudumu. Tairi za mbele zitaegemea ndani kidogo, na kiwandani hawakuweka marekebisho ya kemba (huko kuegemea kwa tairi ndani au nje) huko mbele, kwa hiyo nunua na boliti za kemba.

Na akitokea mtu na grinda anataka kukata springi zako za zamani ili gari lishuke, washa gari uondoke.