Chupa moja inakuachia shilingi ngapi? Maswali na majibu ya biashara changa

Barua za safari hii zimetoka Nakuru, Bungoma, Kakamega na Kisumu. Wengi wa walioandika wana wateja tayari, au wanajua watawapata wapi. Kinachowakosesha usingizi ni pesa: inaingia lini, inatoka lini, na nini kinabaki. Biashara nyingi changa hufunga milango wateja wakiwa bado wanaingia, kwa hivyo tumejibu kwa hesabu. Bei tulizotumia ni za mfano. Weka za soko lako.

Nataka kukodi chumba nitengeneze yogati, lita 20 za maziwa kwa siku, niuzie maduka. Italipa? (Nakuru)

Anza na chupa moja. Maziwa lita 20 kwa 60 ni 1,200. Sukari kilo 1.4 ni 210. Kalcha, yaani bakteria wa kugandishia, 60. Gesi 150. Chupa 80 za mililita 250 kwa shilingi 10 ni 800, na lebo 240. Jumla 2,660. Hutauza zote 80, maana nyingine zitamwagika na nyingine utaonjesha wenye maduka. Ukiuza 76, kila moja imekugharimu 35. Mwenye duka akichukua kwa 50, chupa inakuachia 15.

Sasa tazama gharama zinazokuja kila mwezi hata usipouza kitu: kodi 6,000, stima 2,500, usafiri 4,500, msaidizi 8,000. Jumla 21,000. Gawanya kwa 15, unapata chupa 1,400 kwa mwezi, yaani 56 kwa siku ukifanya kazi siku 25. Ukiuza 76 kila siku bila kukosa, unabaki na 7,500. Huo ndio mshahara wako, na hapo ndipo wengi hukata tamaa baada ya miezi minne wakidhani soko limewakataa. Ukitaka kujilipa 15,000 lazima uuze chupa 96 kwa siku, ambazo ni karibu lita 26 za maziwa. Kwa hivyo nunua sufuria na friji za kubeba lita 30 tangu mwanzo, hata kama wiki za kwanza utajaza nusu.

Hasara kubwa ya kazi hii ni maziwa yanayokataa kuganda, na maziwa ya siku moja yakiharibika yamekula faida ya siku mbili na zaidi. Sababu ya kwanza ni dawa: ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki, maziwa yake huua kalcha. Nunua kwa mfugaji unayeweza kumuuliza, na umlipe vizuri kidogo ili akuambie ukweli. Sababu ya pili ni maji. Pima kwa laktomita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji. Maziwa mazima husoma kati ya 1.028 na 1.032 yakiwa nyuzi 20. Sababu ya tatu ni haraka. Pasha maziwa hadi nyuzi 85, yashikilie hapo dakika 30, yapoe hadi 43 ndipo utie kalcha, kisha yatunze kwenye joto hilo saa 5 hadi 8 bila kuyatikisa. Kalcha ikitiwa kwenye maziwa ya nyuzi 60 inakufa. Usipime kwa kidole, nunua kipimajoto.

Na kabla ya kuchapisha lebo, shughulikia leseni ya Bodi ya Maziwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Supamaketi haitakupa nafasi bila alama hiyo.

Duka jipya limefunguliwa ng'ambo ya barabara na linauza chini yangu. Nipunguze bei? (Bungoma)

Usipunguze bei za duka zima. Kitu ulichonunua 80 na kuuza 100 kinakupa 20. Ukikiuza 90 kinakupa 10, kwa hivyo sharti uuze mara mbili ili ubaki pale pale ulipokuwa. Wateja wa mtaa wako hawajaongezeka mara mbili.

Kuna bidhaa chache ambazo kila mtu anajua bei yake: sukari, unga wa kilo mbili, maziwa ya pakiti, mafuta ya kupima. Hizo lingana naye shilingi kwa shilingi. Betri, viberiti, sabuni ya kuogea na daftari hakuna anayezikumbuka bei, hizo ziache. Kisha chunguza kwa nini yeye anaweza. Akiwa ananunua katoni nyingi kwa jumla, tafuta wenye maduka wawili watatu mnunue pamoja. Akiwa anakula mtaji wake, rafu zake zitakuambia: zitaanza kubaki wazi.

Nina kuku 200 wa mayai. Shule ya bweni inataka trei 5 kila siku kwa bei nzuri, lakini italipa mwisho wa muhula. Nikubali? (Kakamega)

Usiipe zote. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo wako 200 wanamaliza kilo 24. Gunia la kilo 70 halifikishi siku tatu. Wakitaga kwa asilimia 80 unaokota mayai 160, ambayo ni trei 5 na mayai 10. Shule inataka karibu kila kitu. Muhula wa wiki 13 ni magunia 31 ya chakula, na kwa 3,500 kila gunia, ni zaidi ya 108,000 unazotoa wewe kabla shule haijatoa senti. Hapo wewe ndiye unayeikopesha shule.

Pesa zikikatika katikati, utapunguza chakula. Kuku hawana subira: utagaji hushuka mara moja, wengine huanza kunyonyoka manyoya, na kuwarudisha ni kazi ya wiki kadhaa. Utakosa mayai ya shule na ya soko pia.

Chakula cha siku ni 1,200. Trei ikiuzwa 330 taslimu, trei 4 zinaleta 1,320; kuku wamekula na umebaki na 120 ya dawa na maranda. Basi shule ipe trei 1 na uombe malipo ya kila mwezi. Ikilipa mwezi wa kwanza kwa wakati, ongeza hadi 2, ukijazia pengo la chakula kwa pesa hiyo hiyo iliyolipa. Kila mzigo uwe na agizo la maandishi lenye muhuri, na stakabadhi iliyotiwa sahihi na aliyepokea. Bila hiyo, mtunza bohari akibadilishwa huna deni la kudai.

Nauza omena (dagaa) katika soko la Kibuye. Nichukue Hustler Fund kuongeza stoki? (Kisumu)

Kwa omena inaweza kufaa, kwa sababu bidhaa yako inazunguka haraka. Mfuko huo wa serikali ulianza Novemba 2022 ukikopesha kati ya 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nawe ukilipa ndani ya siku 14. Ukikopa 5,000, riba ya siku hizo ni kama shilingi 15 tu. Lakini asilimia 5 inaenda akiba, kwa hivyo mkononi unapata 4,750. Panga mzigo kwa hiyo.

Kinachobana ni siku 14. Tazama mwezi wa angani. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mavuno hupungua na bei hupanda. Kopa mwezi unapoandama, ununue wakati omena ni nyingi. Siku yako ya kulipa itaangukia karibu na mwezi mpevu, gorogoro ikiwa na bei. Usingoje hadi siku ya 14, ila uwe umeuza nusu kufikia ya saba. Chagua iliyoanikwa juu ya chanja, si mchangani, na uivunje: iliyokauka hukatika kwa mlio. Iliyo laini itaoza ndani ya gunia, na mkopo utabaki.

Naombwa gudiwili, yaani pesa ya kuingilia inayolipwa mara moja, ya 150,000 ili nipate duka la kodi ya 15,000. Ni sawa? (Nakuru)

Igawanye kwa miezi 24. Inaongeza 6,250, kwa hivyo kodi yako ya kweli ni 21,250. Simama hapo Jumanne, Jumamosi na siku moja ya mwisho wa mwezi, asubuhi, mchana na jioni, uhesabu wanaoingia maduka ya jirani. Wanaopita tu hawakulipii kodi.

Uliza pia unamlipa nani. Mpangaji anayeondoka hawezi kukuuzia chumba kisicho chake. Mwenye jengo asipokubali kwa maandishi, pesa imeenda. Ukishaingia, Sura ya 301 ya sheria za Kenya inalinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano: mwenye jengo lazima atoe notisi ya miezi miwili au zaidi, na ukiipinga mnasikizwa na mahakama ya kodi za majengo ya biashara. Gudiwili yenyewe hairudishwi. Kama ukishailipa hutabaki na kodi ya miezi mitatu mkononi, tafuta chumba kingine.