Filamu nilizotazama na mama, na moja niliyoitazama kwa siri

Umeuliza tumetazama nini miezi ya karibuni na kipi kinastahili muda wa mtu, ukaomba tusikupe uchambuzi wa kitaalamu. Nitakujibu kwa kuanzia hali yangu, maana ndiyo iliyonipa maoni niliyo nayo. Tangu mama ahamie kwangu baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, sitazami filamu peke yangu. Picha anaiona vizuri, lakini maandishi ya tafsiri yanayopita chini hawezi kuyawahi, na Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo filamu yoyote isiyo ya Kiswahili hunilazimu niwe Lufufu wa sebuleni. Kwa wasiomjua, Lufufu ndiye aliyekuwa akiingiza sauti yake juu ya filamu za nje na kutusimulia kwa Kiswahili, chumvi ikiwemo, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video. Wenzetu wa Kenya wana DJ Afro. Mama alinichapa mara nyingi kwa kwenda huko, na leo ndiye anayenigonga kiwiko na kuniuliza, "Mbona umenyamaza? Amesema nini huyo?"

Nilianza vibaya, kwa Oppenheimer, filamu ya mwanasayansi aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki. Ni saa tatu za wanaume wa makoti kubishana vyumbani, huku hadithi ikirukaruka miaka, na kila nilipomaliza kufasiri sentensi moja walikuwa wamekwishasema nne. Mama alilala kabla bomu halijalipuliwa. Najua imezoa tuzo, wala sisemi ni mbaya, ila ni filamu ya masikio zaidi kuliko ya macho, na mkalimani mmoja haiwezi.

Kwa sababu hiyo niliiogopa Godzilla Minus One, ambayo ni ya Kijapani tupu. Ilitoka mwaka 2023, ikaongozwa na Takashi Yamazaki, ambaye pia alisimamia kazi ya kutengeneza picha za Godzilla, lile dude lenyewe, na mwaka 2024 yeye na wenzake wakapewa Oscar ya kipengele hicho. Nilidhani tutatazama mnyama akivunja maghorofa, kumbe mnyama ni sehemu ndogo ya shughuli. Steringi ni rubani aliyetumwa akajilipue na ndege yake vitani, akasingizia kuwa ndege ni mbovu, akatua kisiwani na kuponea hapo. Anaporudi Tokyo anaukuta mtaa wao umekuwa vifusi na wazazi wake wamekufa. Jirani yao, mwanamke aliyefiwa na watoto wake wote, anamshambulia kwa maneno kwa kuwa amerudi hai. Lakini baadaye, alipoona kijana yule amejikuta na mtoto mchanga wa watu asiye na cha kumlisha, mwanamke yuleyule analeta mchele wake kidogo aliojiwekea akiba, huku bado amenuna. Nilikuwa nimejiandaa kufasiri pale, mama akaninyamazisha kwa mkono. Hakuhitaji. Alisema tu kwamba yule mama ni kama shangazi yetu mmoja wa Tanga, ambaye hukutukana mlangoni huku chakula chako ameshakifunika jikoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizipima filamu kwa swali hilo: nikinyamaza dakika kumi, je, mama atakuwa bado yumo?

Queen of Katwe ya mwaka 2016 ilinipa ahueni kidogo. Inasimulia kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyeinukia kwenye mchezo wa sataranji, na Lupita Nyong'o kama mama yake anabeba kila anapoonekana. Ila karibu mazungumzo yote ni ya Kiingereza, mpaka mama na watoto wake wakiwa chumbani kwao. "Hawa Waganda wameacha lini Kiganda?" mama akauliza. Nilimweleza kwamba ni filamu ya kampuni ya Marekani na imelenga watazamaji wa kule. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa kweli hata mimi halikuniridhisha.

Sasa nije kwenye ile ninayokushauri uitazame hata kama nyingine zote utaziacha, yaani Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume wa makamo, anamkimbia mumewe na kupata hifadhi kwa Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru. Mama aliishi Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, utotoni kabla wazazi wake hawajahamia Tanga, hivyo usiku huo mimi ndiye niliyefasiriwa. Alinieleza maneno ya Kiunguja niliyoyapita bila kuyashika, na mara mbili tatu aliguna aliposikia lafudhi ya bara mahali asipoitarajia. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, aliyeigiza Mwajuma, alimpata kabisa. Mimi nilivutiwa zaidi na giza la ile filamu: vichochoro, kuta zilizobabuka chokaa, mwanga wa taa unaogusa nusu ya uso wa mtu na kuiacha nusu nyingine. Kasoro yake ni kwamba aliyesoma riwaya ataona watu wamepunjwa; riwaya ina nafasi ya kumkuza Denge taratibu, ilhali hapa mapenzi yake na Yasmin yanapata muda kuliko siasa zake, na hatari inayomkabili unaambiwa zaidi ya unavyoihisi.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ni fupi na inahusu binti mdogo mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto ya kuwa shujaa wa filamu. Itazame, lakini usiitazame na mtu aliyewahi kuuguza mtoto. Sikulifikiria hilo mapema, nikajuta.

Ile ya siri ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Niliirudia usiku na vifaa vya masikioni, kwa sababu ya lugha yake na ile selo ambayo Mwas, kijana wa kijijini aliyekuja Nairobi kutafuta uigizaji, anasafishishwa choo ambacho hutaki kukiona ukiwa umetoka kula. Asubuhi, kwenye chai, mama akataka kujua nilikuwa nikicheka nini peke yangu. Nikamsimulia yote, tangu Mwas anapouza filamu za mapigano kijijini kwao huku akiwaigizia wateja kwa mwili mzima, nikapunguza matusi na nikaficha mengine kadhaa, nikasema ubaya wake ni hicho choo tu. Akaweka kikombe chini. "Basi leo iweke," akasema, "hapo chooni upapitishe haraka."